Ustadi wa Kuuliza Upya

Mifuko mitano ya chakula cha kuku, thamani yake dola 25. Hiyo ndiyo mali iliyomfikisha Clyde Kennard kizimbani mjini Hattiesburg, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, Novemba 1960. Upande wa mashtaka wenyewe haukudai kwamba aliiba kwa mkono wake. Ulichokuwa nacho ni neno la kijana wa miaka 19, aliyeiba mifuko hiyo, akisema Kennard ndiye aliyemtuma. Raia 12 walioketi kama wazee wa baraza, Wazungu watupu, walitoka kwenda kushauriana na baada ya dakika 10 wakawa wamerudi na uamuzi wao: ana hatia. Kennard akahukumiwa kwenda jela miaka saba. Kijana aliyeiba akapewa kifungo cha nje.

Waliomfahamu Kennard walijua kesi ile haikuletwa na kuku. Alizaliwa mwaka 1927, akawa askari wa miavuli, akapigana vita vya Korea, kisha akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1955 alirudi nyumbani kumsaidia mama yake shamba la kuku, maana baba yake wa kambo alikuwa mgonjwa. Akataka kumalizia masomo yake katika chuo kilichokuwa jirani na kwao, Mississippi Southern College. Chuo hicho kilikuwa cha Wazungu peke yao, naye alikuwa Mweusi. Aliomba, akakataliwa. Akaomba tena. Septemba 1959, alipotoka ofisini kwa mkuu wa chuo, alikuta polisi wamemsubiri. Wakamkamata kwa madai ya kuendesha gari ovyo na kukutwa na pombe, iliyokuwa marufuku katika jimbo hilo. Mwaka uliofuata ndipo ikaja mifuko ya chakula cha kuku. Mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai hakuweza tena kuingia chuo cha serikali ya jimbo. Hesabu ilikuwa imetimia.

Gerezani Parchman alipatwa na saratani ya utumbo. Mapema mwaka 1963 gavana alimwachia, wakati hali yake ilikuwa imekwisha kuharibika, na tarehe 4 Julai mwaka huo huo alifariki Chicago akiwa na miaka 36. Jalada la kesi likabaki kama lilivyokuwa: Kennard, mshiriki wa wizi, ana hatia.

Neno la mtu mmoja lilimfunga. Basi ilitakiwa atokee wa kumwendea mwenye neno lile na kumuuliza upya, polepole, bila kumtisha na bila kumwahidi kitu. Ilichukua miaka 45. Wa kwanza kumuuliza alikuwa mwandishi wa habari, Jerry Mitchell wa gazeti la Clarion-Ledger la mjini Jackson, mwishoni mwa 2005. Waliolishika suala hilo pamoja naye walikuwa wanasheria wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mwalimu mmoja wa historia aitwaye Barry Bradford, na wasichana watatu wa shule ya sekondari ya Stevenson huko Lincolnshire, Illinois, kaskazini mwa Chicago. Wasichana hao hawakuwa wamezaliwa Kennard alipokufa. Pengine hata wazazi wao walikuwa bado watoto wachanga.

Insha hii ni ya kuwasifu wao na wenzao, na zaidi ya hapo kuusifu ustadi walioutumia. Ni ustadi wa kuketi mbele ya mtu, kumuuliza swali moja, kumsikiliza mpaka amalize, kuandika alichosema kama alivyokisema, kisha kukipima kwa kila karatasi inayopatikana. Vijana wa sekondari wameufanya, na wameufanya vizuri kuliko wengi wanaolipwa kuufanya.

Bradford hakuanza na Kennard. Mwaka mmoja au miwili kabla, wasichana wengine watatu wa shule hiyo hiyo walikuwa wametayarisha filamu ya mashindano ya kitaifa ya historia ya mwaka 2004. Kanuni za mashindano hayo ni kali: filamu isizidi dakika 10, na kila jambo linalotajwa liwe na chanzo chake. Wao walichagua mauaji ya vijana watatu wapigania haki za kiraia katika wilaya ya Neshoba, Mississippi, usiku wa tarehe 21 Juni 1964. Waliouawa ni James Chaney, Mweusi wa miaka 21, mzaliwa wa Meridian, na Wazungu wawili kutoka New York, Andrew Goodman wa miaka 20 na Michael Schwerner wa miaka 24. Walikuwa wamekwenda kuliona kanisa lililochomwa moto. Naibu sherifu akawakamata, akawaweka mahabusu hadi usiku, akawaachia, kisha kundi la wabaguzi wa Kizungu la Ku Klux Klan likawafukuzia barabarani na kuwapiga risasi. Miili yao ilikutwa siku 44 baadaye, imefukiwa ndani ya tuta la bwawa.

Mwaka 1967 watu 18 walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho, na saba wakatiwa hatiani. Hapakuwa na shtaka la kuua. Lililokuwapo ni kula njama za kuwanyima watu haki zao. Edgar Ray Killen, mhubiri wa kanisa la Baptist na mwenye kiwanda cha kupasua mbao, aliponea chupuchupu: wazee wa baraza 11 walisema ana hatia, mmoja akasema hawezi kumtia hatiani mhubiri. Akarudi nyumbani. Alikaa huko karibu miaka 40, jirani zake wakijua.

Wanafunzi wale wakampigia simu. Hapa inafaa kutua kidogo, maana wakubwa wengi hawakufanya hivyo. Mzee huyo alikuwa karibu na miaka 80, hakuwa na sababu ya kumwogopa msichana wa sekondari kutoka kaskazini anayesema ana kazi ya shule ya kukamilisha. Alizungumza. Alieleza mtazamo wake juu ya watu Weusi na juu ya wale waliouawa, na maneno yake yakarekodiwa. Hakukiri kosa. Lakini mtu anayezungumza kwa muda mrefu huonyesha anachokiona kuwa cha kawaida, na mwendesha mashtaka mwenye akili hupata humo mengi.

Januari 2005 Killen alishtakiwa kwa mauaji. Tarehe 21 Juni 2005, miaka 41 kamili tangu usiku ule, wazee wa baraza walimtia hatiani kwa makosa matatu ya kuua bila kukusudia, na jaji akampa miaka 60. Alifia gerezani Januari 2018.

Itakuwa si haki kusema wasichana watatu ndio waliomfunga. Familia za waliouawa hazikunyamaza hata mwaka mmoja. Wakazi wa Neshoba wenyewe, Weusi, Wazungu na wenyeji wa asili wa Kichoctaw, waliunda umoja na kudai hadharani kesi ifunguliwe. Mitchell alikuwa ameandika juu ya kesi hiyo tangu miaka ya 1990, na habari yake iliyotikisa zaidi ilitokana pia na mahojiano. Kiongozi wa Klan wa Mississippi, Sam Bowers, alikuwa amezungumza mwaka 1984 na idara ya nyaraka ya jimbo kwa sharti kwamba maneno yake yasifunguliwe angali hai. Humo alisema hakujali kufungwa maadamu mpangaji mkuu wa jambo lile alitoka mahakamani akiwa huru. Mahojiano ya kumbukumbu za kihistoria, yaliyofanywa kwa utulivu na mtu ambaye hakuwa polisi wala wakili, ndiyo yaliyokuja kuiamsha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Wapelelezi walikuwa wameuliza maswali yao mwaka 1964 wakiwa na bastola kiunoni. Mtunza nyaraka aliuliza yake akiwa na kinasa sauti, akapata alichopata.

Kuna jambo la kujifunza hapo kuhusu nguvu ya asiye na nguvu. Studs Terkel, mtangazaji wa Chicago aliyetumia maisha yake kuwahoji wafanyakazi, wafungwa wa zamani, wapishi na wachimba makaburi, alikuwa hajui vizuri kutumia kinasa sauti chake, na hakuona haya kwamba mhojiwa ndiye amsaidie kukiwasha. Mtu aliyekusaidia kuwasha mashine hakuogopi tena. Mwanafunzi wa sekondari ana faida hiyo bila kuitafuta. Hana kitambulisho cha kuonyesha, hana pingu, hana uwezo wa kumpandisha mtu kizimbani. Mzee anayemwona mbele yake humwona mjukuu, na kwa mjukuu watu husema mambo ambayo hawakuwaambia hata watoto wao.

Lakini upole peke yake hautoshi. Ustadi huu una kanuni zake, na wanaoufundisha huanza na swali lenyewe. Mwanafunzi asiyefundwa huuliza, "Je, ni kweli polisi wa hapa walikuwa wabaguzi?" Hapo keshamtilia mwenzake maneno kinywani, jibu litakuwa ndiyo au hapana, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Aliyefundwa huuliza, "Siku hiyo ulikuwa wapi?" Mhojiwa huanza na mahali: alikuwa jikoni, mlango ulikuwa wazi, mbwa alibweka. Kutoka jikoni atafika barabarani mwenyewe, na kutoka barabarani atafika kwenye kile alichokiona. Kumbukumbu ya mwanadamu imeshikamana na vitu na mahali kuliko ilivyoshikamana na tarehe.

Kisha kuna kunyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa kijana wa miaka 16. Mhojiwa akimaliza sentensi na kutazama chini, mkono wa mwanafunzi huenda mbio kwenye daftari kutafuta swali linalofuata. Mwalimu mzuri humzuia. Humwambia ahesabu kimoyomoyo, asitikise kichwa, asiseme "sawa, sawa". Mara nyingi kinachokuja baada ya kimya hicho ndicho kilichokuwa kimezuiliwa miaka yote. Mara nyingine hakiji kitu, na hiyo pia ni habari.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, ile ambayo haionekani. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa nne au zaidi kuiandika neno kwa neno. Mwanafunzi huvaa visikizio, husikiliza sekunde tano, husimamisha, huandika, hurudisha nyuma, husikiliza tena. Katika kurudia-rudia huko ndipo anaposikia kile kilichompita chumbani: kwamba mama yule alisema "walipokuja" na wala hakusema "walipokuja polisi", au kwamba mzee hutaja jina la ndugu yake kila anapokaribia jambo fulani kisha hugeuza mazungumzo. Hakuna kijana anayemaliza kazi hiyo akaendelea kusikiliza watu kama zamani.

Anayeandika lazima pia ayaache maneno yawe ya mwenyewe. Vijana wa Rabun, Georgia, walioanzisha jarida la Foxfire mwaka 1966 kama kazi ya darasa la Kiingereza, waliandika usemi wa wazee wao wa milimani kama ulivyotamkwa, na toleo lao la kwanza la mwaka 1967 lilikuwa na simulizi ya sherifu mstaafu juu ya benki ya mji wao ilivyoporwa mwaka 1936. Msomaji wa Kiswahili anajua kishawishi kilichopo. Bibi wa Mombasa akisema kwa Kimvita chake, mkono wa mwanafunzi hutaka kumsanifisha, na akishasanifishwa bibi huyo huwa hasemi tena. Linalosema ni kitabu cha kiada.

Halafu linakuja jalada. Sauti bila karatasi yaweza kupotosha, maana watu husahau, hujipamba, humlinda ndugu. Karatasi bila sauti hupotosha zaidi, kwa kuwa aliyeiandika mara nyingi ndiye aliyekuwa na mamlaka. Wanafunzi walioshika kesi ya Kennard walikuwa na bahati ya kuwa na vyote viwili. Mississippi ilikuwa na tume ya serikali iliyoundwa mwaka 1956 kulinda ubaguzi, iliyowapeleleza raia kwa fedha za kodi. Majalada yake, zaidi ya kurasa 130,000, yalifunguliwa kwa amri ya mahakama mwaka 1998. Ndani yake mpelelezi wa tume anaripoti mazungumzo na watu wazito wa Hattiesburg kuhusu namna ya kumzuia Kennard asiombe tena nafasi chuoni, na humo mmoja wao anataja kwamba gari la Kennard laweza kugongwa na treni, au akapata ajali barabarani. Mtu anayesoma ukurasa huo hawezi tena kuitazama mifuko mitano ya chakula cha kuku kama wizi wa kawaida.

Afrika Mashariki inayo kesi yake ya sauti na jalada, na ni kubwa. Kwa miaka mingi wazee wa Kenya waliozuiliwa kambini wakati wa vita vya Mau Mau walisimulia walivyoteswa, na walionekana kama watu wenye uchungu wanaotia chumvi. Mwaka 2011 ilibainika kwamba Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya kikoloni mahali paitwapo Hanslope Park, na yaliyokuwamo yalishabihiana na simulizi za wazee. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza kusikitishwa kwake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Wale wazee walikuwa wamesema kweli muda wote. Kama hakuna aliyewaendea na kuandika maneno yao wangali hai, majalada yale yangefunguliwa kukiwa hakuna wa kulipwa.

Na wanafunzi wa huku nao wamepata kutumwa vijijini. Mwaka 1968 na 1969, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwapeleka wanafunzi wake wa historia kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Katika maandishi ya Wajerumani, watu walionyongwa Songea Februari 1906 walikuwa waasi waliohukumiwa kisheria. Katika vinywa vya wazee walikuwa na majina, koo, wake na sababu. Bila wanafunzi wale, historia ya vita vile ingesomwa leo kwa macho ya aliyefunga kitanzi.

Si kila darasa hupata kesi ya kihistoria. Mwaka 2018, wanafunzi wa somo la sosholojia wa mwalimu Alex Campbell, katika shule ya sekondari ya Elizabethton, Tennessee, walichukua vifo vya wanawake kadhaa waliokutwa kando ya barabara kuu katika miaka ya 1980, wengi wao wasiojulikana hata majina. Walilinganisha taarifa, wakahitimisha kwamba sita kati yao walielekea kuuawa na mtu mmoja, pengine dereva wa malori, na wakampa jina la kutisha ili vyombo vya habari visikie. Miezi michache baadaye, mwanamke mmoja kati ya hao, mwenye miaka 21, aliyekuwa amezikwa bila jina tangu 1985, alitambuliwa kwa alama za vidole. Desemba 2019 baraza la mashtaka la wilaya ya Campbell lilisema ushahidi wa vinasaba ungetosha kumshtaki kwa kifo chake dereva mmoja wa malori, aliyekuwa amefia gerezani mwaka 2015. Huko Hightstown, New Jersey, wanafunzi wa mwalimu Stuart Wexler waliandika rasimu ya sheria ya kufungua majalada ya kesi za zamani za haki za kiraia, wakawafuata wabunge mmoja baada ya mwingine, na Januari 2019 ikasainiwa kuwa sheria ya nchi.

Mifano hii huwafanya wengine wadhani thamani ya kazi iko katika kukamata mhalifu. Sivyo. Wanafunzi wengi watakaomhoji askari mstaafu, mama aliyeibiwa, mfungwa aliyerudi nyumbani au mzee wa baraza hawatafungua kesi yoyote. Watakachokipata ni kuona jinsi uamuzi wa mahakama unavyotengenezwa: kwamba nyuma ya neno "hatia" kuna mtu aliyesema, mtu aliyeandika, mtu aliyeamini, na wengine wengi ambao hakuna aliyekumbuka kuwauliza. Kijana aliyelielewa hilo akiwa na miaka 17 atakuwa shahidi tofauti, mzee wa baraza tofauti, na huenda hakimu tofauti.

Kazi hii ina hatari zake pia. Mtu aliyeumizwa akisimulia huumia tena, na mwanafunzi anayemsikiliza hubeba sehemu ya mzigo huo nyumbani kwake. Kwa hiyo ruhusa hupatikana kabla ya kinasa sauti kuwashwa, mhojiwa huambiwa kwamba anaweza kukataa swali lolote na kuondoa maneno yake, na mwalimu huwapo karibu. Kesi iliyoko mahakamani haiguswi. Na lililo zito kuliko yote, kijana asimwahidi mtu haki. Amwahidi kusikilizwa na kuandikwa sawasawa, kwa kuwa hilo liko ndani ya uwezo wake.

Turudi Mississippi. Yule shahidi, sasa mtu mzima wa makamo ya mwisho, alimwambia Mitchell kwamba Kennard hakumtuma kuiba. Januari 2006 aliyarudia maneno hayo chini ya kiapo. Wanafunzi na mwalimu wao, pamoja na wanasheria wa Northwestern, wakamwomba Gavana Haley Barbour atoe msamaha. Alikataa kutoa msamaha, ingawa alitangaza tarehe 30 Machi 2006 kuwa siku ya kumkumbuka Kennard. Siku ya kumbukumbu haifuti hukumu. Wakaenda mahakamani, mahakama ile ile ya Hattiesburg, na tarehe 17 Mei 2006 Jaji Robert Helfrich akaifuta hatia ya Clyde Kennard. Ilikuwa miaka 52 kamili tangu Mahakama Kuu ya Marekani iseme kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Chuo kilichomkataa, ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2018. Mama yake hakuwapo kuipokea.

Mwalimu wa historia au uraia anayesoma haya huenda ana darasa la wanafunzi 60 na hana bajeti. Simu moja yenye kinasa sauti inatosha kuanzia, na daftari, na adabu ambayo wanafunzi wake walifunzwa kwao: kubisha hodi, kuamkia, kukaa chini, kupokea maji, kueleza walichokujia kabla ya kutoa mashine mfukoni. Wawatafute wanaokumbuka: mzee aliyeketi na hakimu mahakama ya mwanzo miaka ya 1970, karani aliyeandika mashauri kwa mkono, mwanamke aliyedai shamba la mirathi akashindwa, mtu aliyetumikia kifungo akarudi mtaani kwake. Wamuulize kila mmoja alikuwa wapi siku hiyo, kisha wanyamaze. Waandike neno kwa neno, wamsomee alichosema, waache nakala nyumbani kwake na nyingine maktaba ya shule. Wazee hao wanazikwa kila wiki, mwalimu. Usingoje muhula ujao.